Kesho Tunanyolewa Bukundi

Bariadi, Alhamisi

Nimefua wigi bure. Nimeliloweka kwenye maji vuguvugu na shampuu, nikalichana kuanzia nchani, nikalivisha sufuria iliyopinduliwa likauke bila kupoteza umbo. Yote hayo nikijua kesho sitalivaa.

Wifi alipiga simu jioni kutoka Bukundi. "Usisuke, wifi. Kesho tunaanua matanga ya baba, ukoo wote tunanyolewa. Shangazi ndiye mwenye wembe."

Baba mkwe alinipenda. Siwezi kukosa, wala siwezi kusingizia homa.

Lakini sina cha kunyolewa. Gundi ya wigi ilianza kula nywele za mbele, nikaongeza gundi ili kuficha, na sasa ngozi inang'aa mpaka utosini. Mume wangu hajui. Nalala na kilemba, namwambia nasikia baridi, kwa joto hili la Bariadi.

Kesho shangazi atakifungua kile kilemba mbele ya watu wote. Nimekaa hapa najifariji kwamba tukishanyolewa tutafanana, hakuna atakayenitazama mara mbili.

Kwa wiki chache, labda. Halafu zao zitaota.