Swali Nililoliruka Siku Ile ya Daktari

Mama yangu uliyeko Nyamahanga,

Shikamoo. Kama umechoka, itikia kwa kichwa tu, nitajua umeitikia.

Barua hii sikuifunga. Nimeikunja mara mbili nikaandika jina lako kwa nje, na mama mkubwa ndiye atakayekusomea, kwa sababu Kiswahili cha kwenye karatasi hukipendi. Nimeiacha wazi kwa makusudi. Kama njiani itasomwa na binti mwingine aliyewahi kusimama kati ya mzazi wake na daktari, asijue aseme nini, na asome. Mama mkubwa, wewe nakuomba jambo moja: usiruke mstari. Hata ukiona aibu, hata ukiona namkosea heshima mdogo wako, soma kama nilivyoandika.

Mama, nakukumbuka zaidi ukiwa Kabanga, siku za soko. Ulikuwa unapanga mikungu ya ndizi juu ya majani, mimi nimekaa nyuma yako na kitabu. Kiswahili chako kilikuwa cha kuuzia ndizi, lakini ulikitumia bila woga. Mteja alikuwa akisema, "Mama, punguza kidogo," nawe unamjibu, "Nipunguze nini, mkungu umeshakatwa?" Watu walicheka. Kisha ulikuwa unanigeukia na kuniuliza taratibu kwa Kirundi, "Nimesema vizuri, mwalimu?" Uliniita mwalimu tangu nikiwa darasa la tatu kwa sababu ya vitabu. Nilikuwa naona haya, lakini nilipenda.

Halafu bibi akafa.

Habari zililetwa na mtu aliyevuka mpaka asubuhi, na wewe ulivuka mchana uleule ukiwa na kitenge kimoja begani. Ulipofika kule kwenu, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wameshamzika. Siku ya nne ulikuwa umerudi, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na baba alikutumia ujumbe kwamba mbegu ziko ndani na shamba liko tupu. Sikujua wakati ule kwamba kwa watu wenu aliyefiwa na mama yake hashiki jembe mpaka ndugu wakutane, wanywe pamoja, wazungumze juu ya marehemu, kisha wamwambie kwa mdomo wao kwamba sasa rudi kazini. Wewe hukuambiwa na mtu. Ulirudi kabla ya siku hiyo. Nakumbuka ulisimama pembeni mwa shamba na jembe mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Baba akasema, "Mama watoto, maharage hayajui kama kuna msiba." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa njaa. Ukainama, ukalima.

Kila aliyepita njiani alikuambia, "Ihangane." Vumilia. Walikuwa wanasema kwa upendo, na wewe ulikuwa unajibu "asante" bila kuinua macho. Siku moja ulisema, si kwangu, ulikuwa unasema na sufuria: "Nivumilie mpaka wapi?"

Baada ya hapo vitu vikaanza kupungua kimoja kimoja. Uliacha kwenda Kabanga. Uliacha kuniita mwalimu. Ukawa unakaa nyuma ya nyumba, karibu na migomba, mikono imelala mapajani kama si yako. Nilipokuuliza ulisema, "Moyo umekaa chini, hautaki kusimama." Nilidhani ni uchovu.

Kila mtu alikuja na dawa yake, na kila dawa iligombana na nyingine. Wazee wa kanisa walikuja kuomba, na mmoja wao akasema ukimeza vidonge utakuwa umepungukiwa imani. Shangazi akasema vidonge havijui msiba, marehemu amekasirika, tumpeleke kwa mganga anayemfahamu. Baba akasema hataki mambo ya waganga nyumbani kwake, twende kwenye kituo cha afya. Walibishana uani wewe ukiwa umeketi katikati yao. Nilikuwa namenya ndizi na nikawaza kwamba wanakupatania bei kama mkungu. Hakuna aliyekuuliza wewe.

Tukaenda kituo cha afya, mimi na wewe. Baba alisema niende kwa sababu daktari ni mgeni, ametoka mbali, hajui Kihangaza cha hapa kwetu wala Kirundi chako. Kwenye benchi kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto anayekohoa, akatazama sare yangu ya shule ilivyokunjamana, akakuambia, "Wewe una bahati, umekuja na mkalimani wako." Ulitabasamu kidogo. Ilikuwa mara ya mwisho kukuona ukitabasamu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Sitaki mtu amlaumu. Alikuwa na karatasi yenye maswali na foleni ilikuwa ndefu hadi nje. Alikuwa anauliza, mimi nakuuliza, unajibu, namjibu. Unalala? Unaamka saa ngapi? Kuna vitu ulivyovipenda ambavyo sasa huvipendi? Tulikwenda vizuri. Nilijiona nina faida. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Muulize kama amewahi kutamani kufa, au kufikiria kujiua."

Mama mkubwa, hapa ndipo ninapokuomba usiruke.

Mama, swali hilo sikulifikisha kwako. Kwetu mtoto hamwambii mzazi wake maneno hayo. Hata watu wazima hawaambiani usoni, husema tu kwamba fulani aliondoka vibaya, kisha wanabadilisha mazungumzo. Nilihisi nikilitamka nitakuwa nimekuitia kitu. Na tena niliogopa jibu. Huo ndio ukweli wote, niliogopa jibu kuliko nilivyoogopa kukukosea heshima. Basi nikakugeukia, nikakuuliza kwa Kirundi, "Mama, unakula vizuri?"

Ulinitazama. Ulikaa kimya muda mrefu mno kwa swali la chakula. Kisha ukasema, "Kidogo."

Nikamgeukia daktari. "Anasema hapana."

Akaweka alama kwenye karatasi yake. Aliandika neno sonona, ambalo nilikuja kulikuta kwenye kamusi ya shule, akatupa vidonge vya mwezi mmoja na kusema uje tena vikiisha. Kama ningesema ulichostahili kuulizwa, pengine asingetuacha tuondoke namna ile.

Njiani kurudi ulikuwa unatembea mbele yangu. Tulipofika kwenye mteremko ulisimama kunisubiri, ukaniambia, "Umechoka, mwanangu. Kesho usiamke mapema. Maji nitachota mimi." Nikafurahi. Nikasema moyoni dawa zimeanza kazi kabla ya kumezwa. Siku zilizofuata ulifagia, ulifua nguo za wadogo zangu wote wawili, ulikunja kila kitu. Baba alimwambia jirani kwamba sasa mke wake anarudi.

Asubuhi ile ya Jumanne niliamka nikakuta vyombo vimeoshwa, kitanda kimetandikwa na wewe haupo. Wanawake waliokwenda kuchota maji ndio waliokukuta bondeni, kabla hujaondoka vibaya. Walikuja nawe wamekushika mikono huku na huku, kama bibi harusi. Jioni yake mama mkubwa alifika kutoka Nyamahanga, na kesho yake mkaondoka. Ulipanda gari bila kuniangalia.

Kwa wiki nyingi niliamini hukuniangalia kwa sababu ya aibu yako. Kisha siku moja darasani, mwalimu akieleza kitu kingine kabisa, nikaelewa. Kiswahili cha sokoni kinatosha kujua neno "kufa". Watu wa Kabanga wanalisema kila saa, nimekufa njaa, nimekufa kwa kucheka. Wewe ulilisikia swali la daktari. Ulilisikia lote. Ulinisikia nikikuuliza habari za chakula, ukanisikia nikimwambia hapana. Na hukunisahihisha. Ulinitazama pale, ukaona ninavyoogopa, ukaamua kunibebea. Wewe mgonjwa ukambeba mzima.

Nisamehe, mama. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Sasa nikupe habari za huku, ingawa nimechoka kuandika. Naamka alfajiri, nachota maji, nawaandalia wadogo zangu uji, naenda shule nikiwa nimechelewa. Kwenye hesabu nalala macho wazi. Mwanao wa mwisho, Ezekieli, anasema ndizi ninazopika ni za hospitali. Nilimwambia apike mwenyewe, akajibu, "Mimi ni mgonjwa, ndiyo maana zinanifaa." Nikacheka mpaka nikashangaa, nilikuwa nimesahau sauti yangu ya kucheka. Baba anachota maji siku za Jumapili. Watu walimcheka mwanzoni, akawaambia, "Ndoo haina jinsia." Amekonda. Hasemi, lakini siku moja nilimkuta ameketi pale nyuma ya nyumba, mahali pako.

Na yule mama Domitila, mhudumu wa afya anayekujia huko, amefika hata huku. Nimeambiwa na mama mkubwa jinsi alivyokuja kwako siku ya kwanza. Kwamba hakuwa na karatasi mapajani. Alivuta ungo, akaanza kupukuchua maharage pamoja nawe, asubuhi nzima, kwa Kirundi, anazungumza juu ya mvua na juu ya viatu vyake vinavyombana. Na kwamba swali lake la kwanza la kweli lilikuwa, "Ni nani ambaye hujamlilia?" Mama mkubwa anasema ulilia hadi mchana, na Domitila hakukuambia ihangane.

Alipokuja huku, baba alidhani amekuja kumgombeza. Yeye akaomba maji ya kunywa, kisha akamwomba baba, shangazi na mzee wa kanisa wakae pamoja. Mzee akaanza, "Sisi tunasema maombi yanatosha." Domitila akamwambia, "Baba, endelea kuomba, nami nahitaji uombe sana. Lakini akiumwa malaria unamkataza vidonge?" Mzee akacheka, akasema hapana. Kisha akamgeukia shangazi. "Nawe ulisema kweli kwamba vidonge havijui msiba. Sasa msiba wenyewe tuumalize, ndugu wapo." Shangazi alikuwa amejiandaa kugombana na akakosa mtu wa kugombana naye.

Ndivyo mlivyoweza kukaa huko Nyamahanga, ndugu zako waliosalia upande huu, mkanywa pamoja na kumtaja bibi mpaka kila mtu akasema lake. Baba alirudi kutoka huko akaniambia tu kwamba kaka yako mkubwa alikushika mkono na kukuambia unaweza kushika jembe ukitaka. Ukitaka. Baba alilirudia hilo neno mara mbili. Na vidonge unaendelea navyo, na mwezi huu daktari wa huko amepunguza kimoja.

Mimi nilimweleza Domitila yote niliyoyaandika hapa. Nilimweleza nikitazama chini, nikiwa na kitabu mkononi, nafungua na kufunga. Nilitegemea aseme nimefanya kosa kubwa. Alisema, "Waliokosea ni sisi tuliomweka mtoto kwenye kile kiti. Maneno ya namna ile mtoto hapewi ayabebe kwa mzazi wake. Siku nyingine watuite sisi." Kisha akaniuliza ninalala vipi, ninakula vipi, na nilipojibu harakaharaka akasema, "Polepole, binti wa vitabu, sina foleni." Sasa anakuja kuniona kila baada ya wiki mbili. Sijapona huu uchovu. Lakini kuna mtu anayejua kwamba upo.

Mama, mtihani unaisha Ijumaa. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi linalotoka Kabanga, na baba ameruhusu. Siji kukurudisha nyumbani. Nyumba ipo, utarudi siku ukitaka wewe. Wala siji kukuuliza lile swali, Domitila amesema hiyo ni kazi yenu wawili, wewe na yeye, na siku hiyo akiwepo mimi nitatoka nje mpaka mmalize. Nakuja tu kwa sababu tangu ulipopanda lile gari hatujatazamana, na sasa unajua ninachokijua, nami najua unachokijua.

Kama hujawa tayari kuniona, sitakasirika. Mwambie mama mkubwa anisubiri barabarani. Nitamkabidhi mzigo wa ndizi na kurudi na basi la mchana, na wadogo zangu nitawaambia ulikuwa umelala. Lakini kama uko tayari, kaa nje, upande unaoonekana kutoka barabarani. Usihangaike kuvaa vizuri wala kusimama kunipokea, na usilazimishe uso wako kufanya kitu chochote. Nikishuka nikakuona upo hapo, basi, nitakuja.

Ni mimi, mwanao wa kwanza.