Baba, Neno Ulilosema Umelisahau

Baba Kabula mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini nimeanza hivyo kwa sababu hukukubali kamwe mazungumzo yaanze kwa namna nyingine, hata kama nyumba inaungua.

Nimekuita kwa jina ambalo Mama alikuita maisha yenu yote, na ambalo walikujua nalo kule Magu, kwenye kinu cha kuchambulia pamba ulikokuwa fundi mkuu. Kabula ndiye mimi, mtoto wako wa kwanza. Ndivyo nilivyojua mpaka mwezi uliopita, alipokuja Tomáš.

Unamkumbuka? Haya, nyamaza tu.

Nakumbuka kivuko cha Kigongo, tukienda kwa Bibi kule Sengerema. Watoto wenzangu walinunuliwa karanga, mimi nikapewa maneno. "Kuvuka kwa Kiingereza?" Cross. "Na kwa Kicheki?" Přejít. Ile r ya Wacheki, inayotetemeka huku inapiga mluzi, ilinishinda kabisa, nawe ukacheka mpaka ukashikilia chuma cha kivuko. "Sisi hata r na l bado tunapigana nazo, mwanangu. Jaribu tena." Ulisomea mitambo huko kwao ujanani, na lugha yao uliipenda kama watu wanavyopenda nyimbo za ujana wao. Ulinifundisha kwamba mtu akiondoka kwa namna ambayo hawezi tena kurudi, Waingereza husema amechoma madaraja, na Wacheki husema hivyo hivyo: spálit za sebou mosty. Ukanieleza kwamba kumtosa rafiki, kwa Waingereza, ni kumuuza kule mto unakoelekea. Nikakuuliza, basi kusaliti kwa Kicheki wanasemaje? Ukatazama maji. Ukasema, "Hilo nimelisahau."

Wewe, Baba! Wewe uliyejua jina la kila skrubu kwa Kicheki! Na mimi nikakuamini. Miaka yote hii nafundisha Kiingereza sekondari hapa Mabatini, na nikifika kwenye neno betray huwa nawahadithia wanafunzi kwamba baba yangu alijua Kicheki chote isipokuwa hilo. Wanacheka, nami nacheka nao.

Tomáš alikuja na picha. Umevaa koti zito, theluji imekufika magotini, umembeba mtoto mchanga, ndiye yeye, na unacheka kile kicheko chako cha meno yote. Kwa hiyo ulijua. Hilo ndilo lililonikata maini. Kama ungekuwa hujui, ningekutetea mpaka sauti ikauke.

Nilimpeleka Pasiansi kwa Mama. "Shikamoo, Mama," akasema. Alikuwa amejifunza njiani. Mama akamwangalia, akaitika marahaba. Kisha akaniuliza, "Kabula, mgeni amekula?" na akaingia jikoni. Nilimkuta amesimama mbele ya sufuria ya sato, anafuta machozi kwa pindo la kanga.

"Simlilii baba yako," akaniambia. "Namlilia mama wa huyu. Mtoto alipoulizia baba yake, alimjibu nini?"

Nikachukua mwiko, nikawageuza samaki.

Siku ya pili yake nikampeleka Sengerema kwenye kaburi lako. Siku hizi hatungoji kivuko, tunapita juu darajani. Katikati ya daraja nikamuuliza neno la kusaliti. "Zradit," akasema taratibu. Hata si gumu, Baba, r yake ni ya kawaida kabisa. Akataka kujua kwa nini nauliza. Nikamwambia ulidai umelisahau. Tulipofika ng'ambo akasema hakuja kugombana nawe, alitaka tu kuona ulipolazwa.

Jumamosi tunalijengea kaburi, na fundi anataka majina ya watoto ya kuchonga kwenye marumaru. Mdogo wangu Masanja amewaka. "Dada, umechanganyikiwa? Huyu aandikwe juu yako? Na Mama aitwe nani?" Maneno yake yaliniuma kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshajiuliza hayo hayo. Sitakudanganya: uzaliwa wangu wa kwanza naupenda. Niliwasomesha wadogo zangu, nikakuogesha ulipougua, nikakufumba macho, na kila mara nilijiambia, hii ni kazi ya wa kwanza. Kumbe nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe, na alikuwa anakungoja kwenye baridi.

Nimekukasirikia, Baba. Na bado nikikaanga karanga nasikia kama unaniita uniulize neno. Nimechoka kukupenda na kukukasirikia kwa pamoja.

Jana nilimuuliza Mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Waliozoea kuniita Mama Kabula wataniita hivyo hivyo," akasema. "Ila kaburi tusiliandike uongo." Masanja bado amenuna, lakini amekubali kuja.

Kwa hiyo asubuhi hii nimempigia fundi. Nimemtajia jina la kaka herufi moja moja, pamoja na kile kialama cha juu ya s, nikamwambia aanze nalo. Akauliza, "Halafu?" Nikamtajia la kwangu.

Lala, Baba. Hasira zangu zitaisha, sijui lini.

Mtoto wako wa pili,
Kabula