Sauti ya Mama Ilivyokwama Kwenye Diski

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile bega halikusumbui tena huko chini kwenye injini za meli. Unakula vizuri? Unapata usingizi? Sisi hatujambo, na mama anaendelea vizuri. Hilo la mama nimelitanguliza makusudi, maana nakujua, ungeruka mistari yote ukilitafuta. Sasa tulia usome.

Operesheni ya koo ilifanyika Jumatano kama daktari alivyopanga. Ilichukua saa sita. Uvimbe wameutoa wote, na sauti imeondoka nao, kama tulivyoambiwa. Ila nataka nikusimulie ya Jumanne, siku moja kabla. Siku hiyo nilifanya kosa, na sipendi ulisikie kwa shangazi, ambaye ameshaanza kulitia chumvi.

Unajua mtaalamu wa usemi pale hospitali alimpa mama orodha ya sentensi elfu moja na mia mbili azisome kwenye kompyuta uliyomwachia, ili baadaye akiandika neno lolote, kompyuta ilitamke kwa sauti yake mwenyewe. Siku kumi na moja mama alikaa mezani akasoma. Alisoma kama enzi zake za kupokea simu ofisini, mgongo wima, kila silabi inasikika, hata koo lilipokuwa linakwaruza. Zilikuwa zimebaki sentensi arobaini tu.

Lakini kompyuta ilianza kuganda. Mama anasoma, yenyewe imelala. Jumatatu ikaleta ujumbe kwamba diski yake ina kasoro kwenye programu ya ndani, ile inayoiendesha diski yenyewe, na isiposasishwa inaweza kupotea ghafla na kila kilichomo. Ujumbe ulisema pia ninakili mafaili kwanza. Kaka, sikunakili. Flashi yangu ilikuwa imejaa picha, nikaona kuzipunguza ni kupoteza muda. Kazi yenyewe waliandika ni dakika tano.

Nilianza saa tatu asubuhi, mama akiwa anaoga. Mstari wa kuonyesha kazi ilipofika ukaenda vizuri mpaka asilimia sabini, ukasimama. Chini yake maandishi: usizime kompyuta. Na wewe unaijua ile chaja, tundu lake limelegea, ukiisogeza kidogo umeme unakatika. Basi nikaishika kwa mkono. Dakika tano zikapita, zikapita ishirini, mkono umekufa ganzi, sithubutu hata kujikuna pua. Mama akatoka bafuni akanikuta nimeinama pale kama mtu anayeziba bomba linalovuja.

“Kuna nini?”

“Hamna kitu, mama. Inajisafisha.”

Huo ndio uongo wa kwanza. Saa nne na nusu kompyuta ikajizima yenyewe, ikawaka, ikaandika kwa herufi nyeupe kwamba haioni diski yoyote. Kesho yake asubuhi sauti ile ingekatwa, na iliyohifadhiwa nimeipoteza mimi, kwa uvivu wa kufuta picha.

Nilikupigia mara nne, hukupatikana. Nikapiga ofisi ya meli, wakasema mtafika bandarini baada ya siku kumi na mbili. Nikamwambia mama naipeleka mashine ikapanguswe vumbi, nikatoka na kandambili.

Nilikwenda kwa yule fundi wa kompyuta wa nyuma ya duka la vioo, wanayemwita Taratibu. Jina si la bure. Nilimweleza huku nahema, naye akawa anapangusa miwani. Aliuliza swali moja tu: “Umeiwasha na kuizima mara ngapi tangu ipotee?”

“Mara sita. Saba.”

“Basi usiiguse tena.”

Alifungua mgongo wa kompyuta, akachomoa betri, akaitoa diski. Kumbe ni kidude chembamba, hakizidi kidole changu cha kati. Siku kumi na moja za mama zote zimo mle! Akaisafisha meno yake ya kuchomekea, akairudisha, akaunganisha chaja ya kwake, akaiwasha na kuiacha kwenye ukurasa wa mipangilio bila kubonyeza chochote. Akasema diski iliyokatizwa katikati ya kazi wakati mwingine huhitaji umeme tu na kuachwa ijipange. Nusu saa. Aliizima, akaiacha kidogo, akairudia nusu saa nyingine. Mimi nilihesabu vigae vya sakafu yake, vingapi vimepasuka.

Saa saba na robo jina la diski likatokea kwenye kioo. Nilipiga kelele mpaka muuza vioo akaja kuchungulia. Taratibu akarudia sasisho, safari hii likafika mia. Kompyuta ikawaka upya. Halafu ikatokea skrini ya buluu, inadai ufunguo wa tarakimu arobaini na nane.

“Diski ni nzima,” akasema fundi, “lakini imefungwa, na sasa imeshtuka kwa sababu programu yake imebadilika. Haifunguki bila hizi namba. Nani aliifunga?”

“Kaka yangu.”

“Yuko wapi?”

“Baharini.”

Akavua miwani, akaivaa tena. “Dada, hapa mimi sina ujanja. Hakuna fundi mwenye ujanja.”

Kaka, nisamehe, njia nzima nilikuwa nakulaumu wewe. Nilisema mengi, na barabarani watu waliyasikia. Kumbe najua vizuri nani alipaswa kulaumiwa.

Saa tisa nikafika nyumbani. Mama alikuwa ameshafunga begi la hospitali, amekaa mezani na karatasi yake ya sentensi arobaini, anangoja. Saa kumi na mbili tulitakiwa tuwe wodini. Nilijaribu kuanza na uongo mwingine, haukutoka. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake nikasema yote, tangu picha zangu mpaka skrini ya buluu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa ile sauti iliyobaki, “Namba ngapi wanataka?”

“Arobaini na nane.”

Akavuta mkoba, akatoa kasha la miwani, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya kitambaa. Mwandiko wako. Mafungu manane, kila fungu tarakimu sita.

“Kaka yako alinikabidhi siku aliyoileta. Akasema nisiitupe hata nyumba ikiungua.”

“Mama! Mbona hukuniambia?”

“Wewe uliniambia inajisafisha.”

Nikainuka, nikaiweka kompyuta mezani, nikaiwasha.

Alinisomea namba mwenyewe. Hakutaka nizisome mimi. Sita, sifuri, nne... akizitamka kama zile simu za mbali alizokuwa akiunganisha, mimi nabonyeza. Fungu la tano likakataliwa. Tukarudia, likakataliwa tena. Kaka, moja zako na saba zako ni mapacha, hata mama yao hawezi kuwatenganisha! Akaipeleka karatasi dirishani, akaigeuzageuza.

“Weka moja.”

Nikaweka moja. Ikakubali. Tulipomaliza fungu la nane kioo kikawa cheusi kwa muda nisioweza kuupima, halafu likaja lile ua la manjano analolipenda. Mafaili yote yalikuwamo. Nikabonyeza la kwanza nililoliona, sauti ya mama ikasema, “Funga mlango, mbu wanaingia.” Tulicheka mpaka akakohoa.

Hapo hapo nikafuta picha zangu zote, nikanakili mafaili ya mama kwenye flashi. Mama akamaliza zile arobaini kabla ya saa kumi na moja na nusu, akaniomba nitoke, akafunga mlango, akabaki na kompyuta peke yake.

Jana kule wodini aliandika maneno yake ya kwanza. Kompyuta ikamwambia muuguzi, kwa sauti ya mama kabisa, kwamba mto huu ni mgumu kama tofali. Muuguzi alitazama huku na huku kutafuta nani kasema. Majibu ya vipimo tutayapata wiki ijayo, tuko kwenye maombi.

Shangazi anakusalimu, mjomba pia, na shemeji yako anasema umletee saa uliyomwahidi. Ukizungumza na wifi mwambie tunamkumbuka, na uwabusu watoto. Mungu akulinde juu ya maji na akurudishe ukiwa mzima.

Kwenye bahasha utakuta flashi. Ni nakala ya tatu, tumekubaliana ukae nayo wewe. Usiifungue ukiwa kazini. Faili la mwisho, la Jumanne jioni, linaitwa Kidomo, na hakuna mwingine anayekuita hivyo ila yeye. Lina dakika kumi na tisa. Sijalisikiliza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokulaumu barabarani,

Mdogo wako