Kindi Wamerudi, Bi Mkubwa

Bi mkubwa wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila kuanza bila shikamoo mkono wenyewe unakataa.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nimefagia uwanja nilioufagia alfajiri. Maji ya ugali yamechemka mpaka yamekauka. Mzee, mume wetu, ananitazama tu, anadhani nina homa. Sina homa, mwenzangu. Kindi wamerudi!

Asubuhi tulikwenda shamba la kijiji, tukakuta mistari ya karanga iliyo karibu na mwamba imefukuliwa yote. Vishimo vidogo vidogo, mbegu hakuna. Wenzangu walilaani wee mpaka wakachoka. Mimi nilichuchumaa nikatia kidole kwenye kishimo kimoja, machozi yakanitoka. Mama Hamisi akanishika bega: "Pole mama Zaina, tutapanda tena." Masikini, alidhani nalilia karanga.

Sasa mwenyekiti ameitisha mkutano, alasiri hii hii. Nasikia wanataka kuchanganya mahindi na sumu ya panya, wayamwage kuzunguka mwamba. Wakifanya hivyo, hawa wachache waliobaki ndiyo basi tena. Na mwenye mdomo wa kuwazuia ulikuwa wewe. Mimi mbele za watu ulimi unakuwa mzito kama nimelamba utomvu. Ndiyo maana nimechukua daftari la kisomo cha watu wazima nikuandikie. Labda nikiongea na wewe kwanza nitapata la kuwaambia.

Nilipoletwa kwako nikiwa bi mdogo hukunipenda, nami sikukupenda. Tuligombania kinu, tukagombania kuni, tukagombania hata kivuli cha tembe. Lakini siku ya kupanda karanga uliniita: "We mtoto, njoo ubebe ungo." Ukanipeleka mpaka kwenye mwamba, ukamimina fungu zima la karanga juu ya jiwe. Ukapaza sauti: "Haya, kuleni mshibe. Mkiingia kwangu tusijuane!" Nilicheka sana. Nilisema moyoni, huyu mwanamke hana akili. Wakaja kweli, mikia juu, wakala, na shamba lako hawakuligusa. La jirani walilifukua.

Tulipohamishiwa huku kijijini, nyumba mistari kama askari, watu walililia matembe yao na makaburi ya wazee wao. Wewe ulishuka kwenye lori ukauliza, "Mwamba wa huku uko wapi?" Ukaanza upya na kindi wa watu usiowajua. Kila msimu fungu lako juu ya jiwe, na shamba la kijiji halikufukuliwa. Hakuna aliyekushukuru, wala hukutaka shukrani.

Halafu ukaja ule mwaka wa ugonjwa. Tulimwona wa kwanza mchana kweupe, anayumba, wala hakimbii akituona. Macho yamejaa tongo, mdomo una vidonda mpaka puani. Ulimwekea karanga mbele yake, akaigusa na mdomo akaiacha. Kesho yake tulimkuta amekufa pale pale kwenye jiwe, na wengine wawili wanakula pembeni yake.

Bwana mifugo alikuwa amekuja kuchanja ng'ombe, akawa anaelekea kijiji cha Mkiwa, nawe ukamzuia njiani kwa nguvu. Alipanda mwamba na viatu vyake vya serikali, akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu. Alikuwa kijana mwenye adabu, lazima niseme.

"Mama, nadhani hii ni virusi. Wanaambukizana kwa midomo. Na wewe unawaita wote kwenye sahani moja, mgonjwa na mzima."

"Dawa yake?"

"Hakuna, mama."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayewaua?"

Loo, bi mkubwa, uso wako siku ile! Nilitaka kumpiga yule kijana, na kosa hana.

Siku hiyo hukula. Jioni ulinifuata jikoni kwangu, wewe ambaye hukuwa unakanyaga jikoni kwangu. Ukasema, "Nikiwapa, wanaambukizana. Nikiwanyima, watashuka shambani, wawekewe sumu. Sasa nifanyeje?" Hukuwahi kuniuliza kitu tangu niolewe. Nikakujibu bila kufikiri: "Tuwatawanyie. Moja hapa, moja kule mbali, kila mmoja ale peke yake."

"Kama tunapanda?"

"Kama tunapanda."

Tukaingia porini, wewe kushoto, mimi kulia, tunadondosha karanga mojamoja chini ya miyombo. Watu walisema wake wa mzee wamerogwa. Tulicheka mpaka ukashika mbavu. Sijawahi kukupenda kama siku zile, na sikukwambia, nakwambia leo.

Hata hivyo waliisha. Msimu ukapita, na mwingine, hakuna kishimo hata kimoja. Kijiji kikafurahi. Wewe ukaanza kuumwa kifua, na kila nikikuletea uji unauliza, "Hawajaonekana?" Nasema, bado. Unageukia ukutani. Ulitutangulia mbele ya haki hivyo hivyo, bado.

Wanagonga debe kuita watu mkutanoni. Ngoja niende.

Nimerudi. Naandika haraka haraka, mwandiko utakuwa mbaya, nisamehe.

Nilisimama, bi mkubwa. Nilisema, "Hawa wamepona ugonjwa usio na dawa. Leo tuwamalize sisi kwa mikono yetu?" Mmoja akapiga kelele nyuma, "Basi mpeni kindi kadi ya chama!" Mkutano mzima ukacheka, hata mimi nikacheka. Lakini sikukaa. Nikasema nitapanda upya mistari ile kwa mbegu ya nyumbani kwetu, na nitalinda mwenyewe.

Mwenyekiti akauliza, "Na wakifukua tena?"

"Nitapanda tena."

"Mpaka lini, mama Zaina?"

"Mpaka ziote."

Wakanong'onezana, wakakubali. Sumu haitawekwa, ila kwa msimu huu tu. Mzee wetu, na mbegu ni zake pia, njiani alitembea pembeni yangu, si mbele. Ungekuwepo ungemtania.

Sikuingia ndani. Nilipitiliza mpaka mwambani, jua bado liko juu kidogo. Nikamwona! Mmoja, mnene, mkia juu kama zamani. Nilifunga mdomo kwa mkono nisipige kigelegele. Akashuka taratibu mpaka kwenye jiwe la chini, akasimama. Halafu akainamisha kichwa akasugua jicho kwenye jiwe. Akatulia. Akasugua tena, jicho lile lile.

Leo upepo ni mkali, vumbi limejaa kila mahali, hata mimi macho yananiwasha. Nilisubiri ageuke nimwone vizuri, hakugeuka, akapotea kwenye mawe. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Pumzika, bi mkubwa, mimi kupumzika sijui. Alfajiri nitakuwa mwambani. Ila kama huko uliko mnaona, niambie ni vumbi tu.

Ni mimi, mke mwenzio mdogo,
Mama Zaina