Nyama ya Krismasi Kwenye Mkoba

Mpendwa Mama Wubit,

Shikamoo, na pole kwa kazi ya kubebeshwa mizigo na watu usiowajua. Nakuomba unisaidie kabla Krismasi ya Wazungu haijanikaba koo, na jina langu la kweli usilitaje kwenye kipindi chako redioni, niite Zenebech tu, maana Wahabeshi wa Umeå tunajuana mpaka sufuria, na habari hii ikifika kanisani sitakuwa na pa kuuweka uso.

Shida yangu ni paja la nguruwe. Usicheke, Mama, au basi cheka kwanza, halafu unisaidie.

Nilipofika huku kaskazini ya Uswidi mume wangu alikuwa bado Addis anasubiri kibali, sikuwa na ndugu wala rafiki, na baridi ya kwanza tu nikateleza kwenye barafu mbele ya jengo letu nikavunjika mkono wa kulia, na aliyeniokota ni bibi wa mlango wa pili, anaitwa Gunvor, mjane, mtu wa maneno machache kama wote wa huku, akanipeleka hospitali akanirudisha, na tangu kesho yake kila asubuhi akawa anatoka na gauni lake la kulalia kunifunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine hadi shingoni, kisha ananipiga begani kidogo, "Haya, nenda," mpaka mkono ukapona. Nilitaka kumwita Mama, akanikatalia, "Mimi ni Gunvor tu." Basi mdomoni nikamwita Gunvor na moyoni Mama. Mama yangu mzazi kule Debre Birhan humwombea kila aendapo kanisa la Mariamu, na kwa kuwa jina linamshinda husema, "Yule wa vifungo, Mungu, wewe unamjua."

Sasa Desemba ile ile akaniuliza, "Wewe ni Mwislamu?" Nikasema hapana, ni Mkristo. Akafurahi, "Basi njoo kwangu Krismasi." Ningemkatalia vipi? Lakini wewe unajua, tarehe ishirini na nne ya kwao sisi bado tuko kwenye mfungo, Genna, ndiyo Krismasi yetu, iko mbele wiki mbili, hatugusi nyama wala maziwa wala siagi, na nguruwe ndiye kabisa, hatumli kwenye mfungo wala kwenye sikukuu. Nikajiambia, mezani hakutakosa viazi, nitakula viazi.

Nilipoketi tu akanipakulia paja la nguruwe lililopakwa haradali, mapande manene, sikuwahi hata kufungua mdomo, kisha akanishikia bakuli la viazi, "Viazi?" Nami, Mama, nililelewa kwetu, mgeni akikaribishwa mara ya kwanza husema ameshiba, mara ya pili husema labda kidogo, na mara ya tatu mwenye nyumba ameshaapa kwa kifo chake kwamba lazima ule, ndipo unanyoosha mkono, kwa hiyo nikasema, "Hapana, asante, nimeshiba," nikakaa kusubiri kubembelezwa. Akasema, "Haya," akaliondoa. Kabichi? "Hapana, asante." "Haya." Mkate? "Hapana." "Haya." Kila kitu ambacho ningeweza kula kikarudi jikoni huku nakitazama, na njaa ya mfungo inaniuma, tukabaki mimi na nguruwe. Alipokwenda kuchemsha kahawa nikaifunga ile nyama kwenye leso za karatasi nikaitia mkobani. Akarudi, akaona sahani tupu, na yule mama asiyecheka akacheka mpaka akashika kiti. "Kumbe wewe ni mtu wa nyama!" Akaniongeza.

Na tangu hapo ndivyo ilivyo kila mwaka. Viazi hanipi tena, anajua sivipendi. Mimi naenda na mkoba mkubwa, na nyama nampelekea mwenzangu wa kazini kule tunakofua mashuka ya hospitali, Mpolandi, anaila na kunishukuru mno, nami shukrani zake zinanichoma. Mume wangu alipokuja nikamweleza, na huyo badala ya kunisaidia kila tarehe ishirini na nne anajitafutia zamu ya kuendesha basi, anasema, "Nguruwe ni wako na bibi yako, mimi nina abiria."

Mwaka huu mambo yamefika shingoni. Wiki iliyopita Gunvor alinikuta kwenye ngazi akaniambia kwamba mwisho wa Januari anahama, mwanawe anampeleka nyumba ya wazee kule Malmö, mwisho wa nchi, hii ndiyo Krismasi yake ya mwisho hapa. Nikaanza kulia. Akaniambia, "Usilie. Nimeagiza paja zima." Akasema daktari alishamkataza nyama zenye chumvi muda mrefu, yeye haonji, "Ningekuwa nimeacha kulioka, lakini wewe unalipenda." Halafu akasema nije tulioke pamoja anifundishe, na ile sahani ndefu ya udongo aliyoachiwa na mama yake ataniachia mimi, kwa sababu mke wa mwanawe hali nyama, na mimi ndiye nitakayeendeleza.

Nilirudi ndani nikamwambia mume wangu, naye akanitazama, "Na mwaka huu huo mkoba wako utameza paja zima?" Nikamwambia acha utani. Akasema, "Sifanyi utani, mke wangu. Kula mara moja tu, umfurahishe mzee, ukatubu. Au mwambie." Nikamwambia nikimwambia leo atajua nilimdanganya miaka yote. Akasema, "Basi kula." Nikamwambia siwezi. Akavaa kofia yake ya kazi akaondoka.

Wengine watauliza mbona simkaribishi na yeye kwenye Genna yetu nikamweleza hapo hapo, lakini naona haya, nyumba ndogo, tunakula sinia moja kwa mikono, tunalishana mdomoni, na watu wa huku hawakugusi mpaka uvunjike. Hata Genna iliyopita nilikuwa nakaanga kahawa, moshi ukawa mwingi, king'ora cha dari kikalia jengo zima, naye akaja mbio na ndoo ya maji, "Kuna moto?" Nikasimama mlangoni nikauziba, ndani watu tele wamevaa nyeupe, nikamwambia nimeunguza mkate. Akasema, "Haya," akarudi kwake na ndoo yake. Ndiyo maana nasema siwezi.

Nifanye nini? Nikila namkosea Mungu, nikisema namvunja moyo mtu aliyenishika mkono nikiwa sina mtu, nikificha tena sijui nitaificha wapi. Mimi nataka tu aondoke akijua nilimshukuru.

Ni mimi, Zenebech wa Umeå

*

Binti yangu Zenebech,

Marahaba. Nilicheka kama ulivyoniruhusu, nikacheka hadi kwenye viazi. Nilipofika kwenye ndoo ya maji sikucheka tena.

Kwanza nikuondolee hofu. Wewe si mtu mbaya. Wewe ni mtoto wa kwetu uliyefundishwa kwamba kukataa chakula cha mtu ni kumtukana, na kukikubali upesi ni ulafi, ukaletwa kwa watu ambao ukisema umeshiba basi umeshiba. Wengi tumelala njaa Ulaya kwa adabu hiyo. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilirudisha keki mara nne nikisubiri kuapiwa, na hakuna aliyeapa.

Lakini sasa nikugombeze kidogo, na usininunie. Ile "Haya" ya Gunvor hukuielewa. Uliiona ni ubaridi. Ndiyo heshima yake: ukisema neno, analiamini. Umesema hutaki viazi, akaamini. Umesema ni mkate umeungua, akaamini, akageuka na ndoo yake mzee wa watu, na ndani kwako kunanukia ubani na kuku wa pilipili, watu wamevaa nyeupe. Katika jengo zima ulimtafuta mtu anayeamini kila unachosema, ukamchagua huyo huyo wa kumdanganya. Umefunga nyama, umefunga siagi, ulimi hukuufunga.

Halafu unaniambia unataka aondoke akijua ulimshukuru. Ulimshukuru lini? Nimeisoma barua yako mara mbili na sijaona mahali. Nimeona unakwenda kwake kila mwaka, unakaa, unatoa sahani tupu. Hayo ndiyo unayaita shukrani, na yamekuwa mzigo kwako mpaka yamekutoa jasho Desemba ya Umeå. Shukrani ina maneno, binti yangu. Na ina mlango ulio wazi. Yeye kakufungulia wake kila Krismasi, wewe wako ukausimamia kama askari.

Kwa hiyo hili la kula au kutokula liweke kando, dogo hilo. Usile. Mimi si padri, na baba yako wa toba yupo, muulize, lakini sidhani kama atakuambia umshukuru mtu kwa kumeza unachokitapika. Na mwambie mumeo hivi kutoka kwangu: mwanamume anayemkimbia bibi kizee kwa kujificha ndani ya basi asitoe ushauri wa toba. Mwaka huu hana zamu. Avae shati, aende.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Usingoje tarehe ishirini na nne. Nenda kabla hajalitoa paja dukani, nenda mchana, na usiende mikono mitupu, beba buni, kikaango na jebena, lile birika lako la udongo la kahawa. Mwombe umpikie kahawa kwake. Yaani ukaange pale pale jikoni kwake, king'ora kikilia na kilie, mfungue dirisha mcheke. Kahawa yetu ina vikombe vitatu na haina haraka, na kwenye cha kwanza mwambie habari za vifungo. Mwambie ulikuwa huna mtu. Mwambie moyoni unamwita nani, hata kama atakataa. Mwambie kuna mwanamke Debre Birhan asiyeweza kutamka jina lake na anamwombea. Hayo kwanza, nguruwe baadaye. Ukianza na nguruwe utaanza kujitetea, utaleta sheria za kanisa na kalenda, na yeye atabaki anafikiri unamkosoa upishi wake.

Kikombe cha pili, sema ukweli wote. Usiupambe. "Siku ya kwanza niliogopa, nikaficha. Nilipoona umefurahi, nikashindwa kurudi nyuma." Hata Mswidi anaelewa hilo. Mweleze na viazi, tafadhali usiviache viazi, mweleze ulivyovitamani. Hapo ama atanyamaza, ama atacheka mpaka ashike kiti. Akinyamaza, nyamaza naye. Usimbembeleze mara tatu, huko hawabembelezani. Huenda akaumia, na ana haki ya kuumia, na wewe utakaa hapo hapo kitini umvumilie, kwa sababu yeye alikuvumilia ulipokuwa mzigo. Mwenye kosa haondoki kabla ya kahawa kuisha.

Kikombe cha tatu, cha baraka, mwalike Genna. Kwa tarehe, kwa saa, kama wanavyopenda wao. Anahama mwisho wa Januari, siku zipo. Mwambie mtakula kwa mikono kwenye sinia moja, na kwamba utamlisha tonge kwa mkono wako, na kwamba si kuchezewa, ni heshima. Unasema watu wa huko hawagusani. Muulize kwanza, atakuambia. Pilipili punguza, chumvi usitie kabisa kwenye fungu lake, umesikia daktari alichosema, na wageni wako wa kanisani waambie mapema ni nani anakuja, ili asiwepo wa kumtolea macho.

Ile sahani ya mama yake ipokee. Ipokee kwa mikono miwili. Sahani haina dini. Mwambie utaokea ndani yake mkate wako wa sikukuu, na muulize mama yake aliitwa nani, maana kitu kama hicho hakipokelewi bila jina. Kwenye Krismasi yao kaa mezani kwake, na bakuli la viazi likija sema "Ndiyo" mara ya kwanza. Mara ya kwanza, Zenebech! Ujipakulie, na ushibe.

Neno langu la mwisho, kisha nikuache uende. Fikiria meza ile ilivyokuwa miaka hii. Bibi kakatazwa nyama, anaioka kwa ajili yako. Wewe umekatazwa nyama, unaificha kwa ajili yake. Wanawake wawili wanaopendana, chakula kipo mbele yao, na hakuna anayekula. Ukinyamaza tena, atahamia Malmö akiwa anampenda Mhabeshi mmoja mpenda nguruwe ambaye hajawahi kuishi Umeå, na atamkumbuka huyo mpaka afe, na wewe hutakuwa na fungu lolote katika mapenzi hayo. Kagonge mlango wake leo, akujue.

Wako,
Mama Wubit