Moshi wa Matawi ya Chai

Kwa Mzee Orina,
Njia ya Londiani, Kericho.
14 Februari 1971

Mama yetu mpendwa Phelis,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Mguu unaendeleaje? Mwanao Gekara alisema ulianza kukusumbua tena wakati wa Krismasi. Na mahindi je, mmeshapanda au bado mnangoja mvua? Sisi huku tunaamka salama, baridi tu ndiyo haituachi.

Barua hii ilikuwa ya Gekara kuandika, lakini kila akishika kalamu anakumbuka kuna kuni za kupasua. Kwa hivyo nimeichukua mimi. Najua wewe na mimi hatuna lugha ya nyumbani moja, mama. Nitaandika kwa hiki Kiswahili changu cha Bomet, na pale nitakapokosea unisamehe.

Bwana meneja wa kampuni ya chai, ambaye Gekara alikuwa akimpikia, amerudi kwao Ulaya. Meneja mpya ni Mwafrika mwenzetu, na mke wake anapenda kujipikia. Gekara alipewa barua ya kumshukuru, wakamshika mkono, na mwisho wa mwezi tukatoka katika nyumba ya kampuni. Huyu Mzee Orina wa huko kwenu ametupatia nyumba ndogo kwenye shamba lake. Mungu ambariki.

Sasa neno lenyewe. Memsaab, mke wa yule meneja wa zamani, alipoondoka alimwachia Gekara nguruwe wawili majike, na mmoja ameshazaa. Gekara anajua kutengeneza bekoni. Ni ile nyama ya tumbo la nguruwe inayotiwa chumvi, ikakaushwa kwa moshi, halafu ikakatwa nyembamba na kukaangwa asubuhi. Kazi hiyo aliifanya miaka yote katika jiko la mzungu. Wewe hukuuliza na yeye hakusema.

Najua imani yako ya Kisabato. Siombi ruhusa, kwa sababu nguruwe wako bandani tayari. Ila nimeona ni vizuri usikie kutoka kwa nyumba hii, usije ukasikia sokoni.

Ni mimi mke wa mwanao,
Chelangat

*

Nyaribari, Kisii
2 Machi 1971

Kwa mke wa Gekara,

Salamu. Mguu ni ule ule. Mvua bado.

Gekara nilimzaa, nikamnyonyesha, nikamfundisha amri za Mungu na vyakula vya halali kabla hajajua kufunga kifungo cha shati. Mtu akikosa kazi hulima. Huchunga. Huchuma majani ya chai kama wenzake.

Nakushukuru kwa kusema kweli. Lakini usiniandikie tena habari ya nguruwe. Ukiandika, sitaisoma.

Mama yake Gekara,
Phelis

*

Kwa Mzee Orina,
Njia ya Londiani.
9 Mei 1971

Mama mpendwa,

Habari ya siku hizi nyingi? Natumaini mguu umepata nafuu na maharagwe yametoka. Mimi ni mzima, na hatuko wawili tu tena: mwezi wa tisa tunatarajia mtoto. Gekara alitaka tungoje kidogo ndiyo tukuambie. Mimi nikakataa.

Ulinikataza kuandika habari ya nguruwe na nimetii. Leo nitaandika habari ya moshi.

Gekara amejenga kibanda kidogo nyuma ya nyumba, mbali na jiko langu. Ndani kuna nyama fulani inaning'inia. Shida ni kwamba memsaab alikuwa na sanduku la chuma la kutilia nyama moshi, lililotoka kwao, na lilifanya kazi yote lenyewe. Sisi tuna udongo, mabati na macho yetu. Kwa hivyo tumejaribu moshi wa namna tatu, na Jumapili tuliita watu wa kuonja: Mzee Orina na ndugu yangu Kipkoech. Gekara alikaanga, akaweka kila aina kwenye sahani yake. Katika sahani ya nne aliweka ile ya duka la mjini, tupate kulinganisha.

Ya kwanza ilikuwa ya moshi wa muwati, ule mti ambao magome yake hutengenezea ngozi. Orina alitafuna, akatafuna, akasema, "Hii ni kama kulamba ngozi ya kiatu kipya." Ni kweli, ilikuwa chungu.

Ya pili nilijaribu mimi kwa ukaidi wangu. Nilichukua mti tunaouita senetwet, ule ambao sisi Wakipsigis tunachoma makaa yake na kusugulia kibuyu cha maziwa. Kipkoech akafumba macho, akasema, "Naonja nyumbani kwa mama." Wengine wote waliitema. Gekara alicheka mpaka akakaa chini, na mama, tangu Januari nilikuwa sijasikia hicho kicheko.

Ya tatu ilikuwa ya mikaratusi. Hiyo ilinuka kama dawa ya kifua.

Ile ya duka ilikuwa na rangi nzuri, nyekundu kidogo kama shavu la mtoto wa kizungu. Lakini ikiingia kwenye sufuria inatoa maji, inachemka badala ya kukaangika, na mdomoni inabaki chumvi peke yake. Orina alisema, "Hata hii si kitu. Basi mbona inauzwa?" Hilo neno limempa Gekara nguvu. Asubuhi siku hizi anaamka kabla yangu.

Ni mimi mke wa mwanao,
Chelangat

*

Nyaribari, Kisii
30 Mei 1971

Kwa Chelangat,

Nimefurahi sana kusikia habari ya mtoto. Usibebe maji kwa kichwa. Kula mboga za majani kila siku, na ugali wa wimbi ukipata. Mguu wangu unaweza kutembea mpaka kanisani, zaidi ya hapo unalalamika.

Barua yako niliisoma yote kwa sababu ulisema ni ya moshi.

Sasa nisikilize, nami nakuambia habari ya mbuzi. Baba yangu alikuwa akikausha nyama ya mbuzi juu ya meko. Hakutumia mti wenye utomvu wala mti wenye harufu. Alitafuta mti mgumu, mkavu, wa zamani, na hakuacha moto uonekane. Moto ukionekana nyama inaiva nje na ndani inaoza. Unataka moshi uliopoa, mwembamba, unaokwenda polepole kama mtu asiye na safari. Na kabla ya moshi nyama inaoshwa chumvi, inapanguswa, inaachwa kwenye upepo mpaka juu inashika vidole ukigusa. Ninyi vijana mnakosa subira, mnatia moshi kwenye nyama yenye maji. Ndiyo maana inakuwa chungu.

Hiyo ni habari ya mbuzi. Usiende kusema nimesema kitu kingine.

Mama yake Gekara,
Phelis

*

Kwa Mzee Orina,
Njia ya Londiani.
27 Juni 1971

Mama mpendwa,

Salamu kutoka kwa watatu. Huyu mdogo anapiga teke wakati wa kuimba kanisani, sijui ni furaha au anapinga. Wewe je? Mguu? Ng'ombe amezaa?

Habari ya mbuzi niliisoma mara nyingi. Gekara naye aliichukua, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu akisema ni moshi.

Tulitafuta mti mgumu na mkavu, na kumbe ulikuwa mbele yetu. Kampuni hukata michai iliyozeeka, na matawi hutupwa kando ya barabara. Kipkoech alituletea mzigo. Matawi ya chai ni magumu kama mfupa na hayana harufu ya kukera. "Mbuzi" tuliipaka chumvi na sukari nguru, tukaigeuza kila siku kwenye sanduku la mbao, tukaiosha, tukaipa upepo, halafu tukaipa huo moshi usio na safari.

Tulionja wenyewe kwanza, mlango umefungwa, kama wezi. Mama, sitakueleza ladha, naheshimu masikio yako. Nitasema tu kwamba mafuta yalikuwa safi, ukingo ulikuwa unavunjika mdomoni, na sahani tuliipangusa kwa ugali. Rangi yake ni ya kijivu, si nyekundu kama ya duka. Hiyo ndiyo hofu ya Gekara.

Katika hoteli moja hapa mjini kuna msimamizi anayeitwa Bwana Kimutai. Wasafiri wa Nakuru na Kisumu hulala kwake na asubuhi wanataka bekoni, na hiyo anayoletewa kwa lori mara nyingi inafika imeharibika. Gekara amekwenda kumwomba aje nyumbani aonje. Amekubali kuja mwezi ujao. Akipenda, tutakuwa na kazi yetu. Akikataa, Gekara atakwenda kutafuta jiko la mtu Nairobi na mimi nitazaa peke yangu huku. Hilo sijamwambia kwamba naliogopa. Nakuambia wewe.

Ni mimi mke wa mwanao,
Chelangat

*

Njia ya Londiani.
22 Agosti 1971

Mama mpendwa,

Je, u mgonjwa? Posta nimekwenda mpaka karani ananijua kwa jina. Kama nilivuka mpaka katika ile barua, ni kosa langu, wala si la Gekara.

Nakupa habari hata kama hujibu. Bwana Kimutai alikuja. Alivua kofia, akakaa kwenye kiti cha Orina, akaletewa sahani ya duka na sahani yetu. Alipoona ya kijivu akauliza, "Hii imekufa na ugonjwa gani?" Gekara akaniangalia. Nikasema, "Bwana, onja kwanza, halafu utukane." Akaonja. Akaonja tena ile ya duka, akarudi kwa yetu. Mwisho akasema, "Moshi ni mzuri kuliko wa hoteli yoyote niliyofanya kazi. Lakini chumvi imezidi. Mgeni akila hii atakunywa maji mpaka Mau Summit." Akaondoka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema tumpelekee nyingine.

Gekara hakulala vizuri. Asubuhi alipima chumvi upya, akaongeza sukari nguru, akaongeza siku za kuosha. Sasa tunangoja iive kwa moshi. Na mimi miguu imevimba.

Ni mimi,
Chelangat

*

Njia ya Londiani.
26 Septemba 1971

Mama,

Naandika nikiwa nimelala, mwandiko ni mbaya. Mtoto amezaliwa, msichana. Nilipata homa kali baada ya kuzaa na nilikaa hospitali mpaka Gekara akaanza kuongea peke yake kwenye korido. Sasa niko nyumbani. Mtoto ni mdogo lakini ananyonya kwa hasira, na wauguzi walisema hasira hiyo ni nzuri.

Siku ile ile niliyopelekwa hospitali, Bwana Kimutai alituma mtu: nyama ya pili ameipenda, anataka tumpelekee kila wiki. Gekara alinieleza habari hiyo siku nyingine kabisa. Anasema aliisahau.

Mtoto hana jina. Nimemwambia Gekara kwamba jina litatoka kwako. Nyuma ya nyumba kuna kile kibanda, na jiko langu liko mbele, na sufuria za jiko langu hazijawahi kuingia kule. Sikuombi ule kitu. Sikuombi ubadili neno ulilolishika maisha yako yote. Lakini sijui kumwogesha mtoto mdogo namna hii, mama yangu mzazi alikufa nikiwa shule, na Gekara anamshika kama yai.

Chelangat

*

Nyaribari, Kisii
5 Oktoba 1971

Mwanangu Chelangat,

Uzima uwe kwako na kwa huyo mdogo. Unapata usingizi? Maziwa yanatosha? Homa ikirudi, usingoje asubuhi.

Sikuwa mgonjwa. Mwezi wa saba mtu wa ukoo wa Orina alikuja huku kwa matanga akasifu kazi ya Gekara mbele ya watu. Sabato iliyofuata Mzee Gichana wa kanisa letu aliniuliza kwa upole kama ni kweli. Mimi nafundisha watoto katika kanisa hilo. Niliona haya, nikarudi nyumbani, nikaacha kufundisha. Hakuna aliyenifukuza. Nilijifukuza mwenyewe. Barua zako nilizisoma na sikuwa na la kujibu. Ningekukemea ningekuwa mwongo, kwa sababu nilikuwa nafurahi kusikia mwanangu anacheka. Ningekusifu, ningewafundisha nini wale watoto?

Barua yako ya mwisho ilinifikia Ijumaa. Jana nilikwenda kwa Mzee Gichana mwenyewe. Nikamwambia, "Mwanangu anatengeneza nyama ambayo mimi sili na sitakula mpaka nizikwe. Lakini amepata kazi ya mikono yake, na mkewe nusura afe, na kuna mtoto ambaye hakuna mtu wa kumwogesha. Siku ya mwisho Mungu ataanza kuniuliza habari ya huyo mtoto. Hao nguruwe atawauliza baadaye." Akauliza nasafiri lini, maana mguu wangu hauwezi kufika stendi na mzigo, na yeye ana baiskeli.

Basi sikiliza. Nitakuja na sufuria yangu, unga wangu na mboga zangu. Katika nyumba ya mwanangu siwezi kulala, hilo unajua ni desturi yetu, mama halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa, kwa hivyo nitalala jikoni kwako. Upepo ukileta harufu ya kile kibanda, nitafunga dirisha, na mtu yeyote asinicheke.

Mtoto aitwe Nyanchama, jina la mama yangu, ambaye alizaa watoto wengi na hakumpoteza hata mmoja. Na umpe jina la kwenu pia. Sitaki ukoo wenu ukose neno la kumwitia.

Nashuka Kericho Jumatatu kwa basi la asubuhi. Gekara asije peke yake. Kama miguu ina nguvu, njoo wewe na mtoto, mkae kivulini pale stendi. Mtoto mtanipa baadaye. Wewe ndiye nataka kukushika mkono kwanza.

Mama yako,
Phelis