Nalima ya Watu, Yangu Inakauka

Alhamisi, Novemba 1985. Sultan Hamud. Nilitoka nyumbani Zombe, Kitui, tulipomaliza kuvuna mbaazi, na sasa msimu mwingine wa mvua umenikuta huku.

Leo mbingu ni safi kama sahani iliyooshwa. Wengine wanaifurahia. Mimi imenikera tangu asubuhi. Usiku wa Jumatatu ilinyesha mvua kubwa, nikasikia imefika hadi kwetu Kitui, na jua kali kama hili likiendelea siku chache tu, udongo wetu unarudi kuwa tofali.

Nimechoka, na si mikono tu.

Tangu Jumanne niko nyuma ya plau ya Mzee Njoroge. Yeye ni mtu wa Murang'a, ana duka hapa kwenye barabara ya Mombasa na shamba nyuma ya stesheni. Ng'ombe wake wamenona, maana ng'ombe wa mwenye duka hula hata wakati wa njaa. Mimi nalima, mwenzangu ananifuata akidondosha mbegu, na kanga wa porini wanamfuata yeye wakizifukua. Kuna mistari tumeipanda mara mbili. Mzee anasimama ukingoni na mwavuli wake akisema mistari imepinda.

Imepinda kwa sababu akili yangu haiko hapa.

Mama yangu alikuwa akipanda kavu. Mbegu zinaingia ardhini mwezi wa kumi, zinangojea mvua humo humo. Mwaka jana mimi na mke wangu, Mama Mwende, tulifanya vivyo hivyo. Mvua ikatudanganya, ikaja kidogo ikaondoka. Zilizoota zikachomwa na jua, ambazo hazikuota zikaliwa na mchwa. Kwa hivyo mwaka huu tulikubaliana tungoje maji ya kweli, halafu plau iingie mara moja. Halikuwa wazo la kijinga. Ukipanda kavu, mchwa. Ukingoja, lazima uwe na ng'ombe tayari.

Mimi nina ng'ombe mmoja.

Njaa ile ya mwaka jana iliniachia mmoja, na kaka yangu mkubwa, Kitheka, ikamwachia mmoja. Plau inataka wawili. Tukawaunganisha, wake na wangu kwenye nira moja, kama wanavyofanya majirani wengi siku hizi. Wangu anaitwa Simba. Wakati wengine wanaanguka nilimlisha matawi kwa mkono, na kazi nilimfundisha kwa mluzi. Sijawahi kumchapa. Sasa naona nilijitafutia shida.

Leo mchana alifika dukani Muthui, mchuuzi wa mbuzi wa kutoka kwetu. Lori lake linarudi Kitui Jumamosi. Alinikuta nimechuchumaa kivulini nikinywa maji.

"Ala, Baba Mwende! Unalima ya watu, na kwako nyasi zinauliza uko wapi?"

Nikamwambia aache mchezo, anipe habari. Akacheka kwanza, ndiyo kawaida yake, kisha akazitoa. Jumanne Kitheka alichukua ng'ombe wote wawili aanze na shamba lake, kwa kuwa yeye ni mkubwa. Hapo sina neno, ndiyo desturi. Lakini Kitheka ni mzee wa kanisa, na ng'ombe anaongea nao kama anavyoongea na wenye dhambi. Alipopaza sauti, Simba akalala chini katikati ya mstari. Akamchapa. Simba akabaki amelala.

"Alilala kama bwana harusi," Muthui akasema. "Watu wakaja kutazama. Kaka yako akamwombea kwa sauti, halafu akamchapa tena."

"Na shamba langu?"

"Lako? Ndugu, hata lake mwenyewe halijapata mistari ya kutosha kupanda kitunguu."

Kitheka amenitumia neno: nije niamshe ng'ombe wangu, nimlimie, halafu tutaongea kuhusu langu. Tutaongea! Kama vile udongo nao utakaa kwenye kiti usikilize.

Mama Mwende naye ametuma maneno machache. Ameanza kulima kwa jembe karibu na jiko. Mbegu za mahindi na kunde bado ziko ndani ya kibuyu, zimepakwa majivu. Lakini chakula kingine kimeisha, na hawezi kuniahidi kwamba wiki ijayo zitakuwepo.

Hilo ndilo linalonisumbua. Plau ikiingia mapema, zilizo kibuyuni ni mbegu. Ikichelewa, ni chakula cha jioni, na baada ya hapo hatuna chakula wala mbegu.

Nilimfuata Mzee Njoroge dukani. Alikuwa akipima sukari.

"Mzee, naomba ruhusa niende nyumbani nikalime."

"Sasa hivi? Mutinda, mvua yako na yangu si ni ile ile moja?"

"Wewe una duka, Mzee."

"Na atakayenunua ni nani, kama hakuna aliyevuna? Mwaka jana nilikaa hapa nikiuzia nzi." Akafunga karatasi ya sukari, akanitazama. "Maliza shamba la chini, Jumamosi uende. Jumatatu asubuhi nikuone hapa."

Sikuweza hata kumkasirikia vizuri, maana kuhusu nzi alisema kweli. Lakini Jumatatu! Huyu mtu hajui Zombe iko wapi. Lori litalala Kitui mjini, nifike nyumbani Jumapili, na Jumapili ng'ombe wa Kitheka hafungwi nira. Hata ningemwiba, njia ya kwenda kanisani inapita pembeni mwa shamba letu. Mchungaji na akina mama wote wangenipita nikiwa nyuma ya plau. Imebaki Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo.

Plau ninayo, iko kwangu imelala. Ng'ombe wako kwa mtu asiyejua kuongea nao. Na mimi ninayejua, nawapigia mluzi ng'ombe wa mtu mwingine huku Sultan Hamud.

Nani alipanga mambo hivi?

Basi, nimeamua, na naandika ili nisijigeuze nikifika. Jumatatu naanza na shamba langu na Mama Mwende. Kitheka ni mkubwa wangu, hilo sitabishana naye, lakini ng'ombe wake peke yake havuti plau, na wangu hataamka kwa mahubiri. Langu likiisha nitahamia kwake, nilime mpaka kona ya mwisho bila kunung'unika. Akitaka kunishtaki kwa wazee wa ukoo, anishtaki mbegu zikiwa ardhini. Tangu nizaliwe sijawahi kumtangulia Kitheka kwa kitu chochote, hata sahani ya muthokoi.

Kazi hii labda nitaikosa. Mzee atapata mtu mwingine. Siku hizi watu wa kushika plau ni wengi kuliko ng'ombe wa kuivuta.

Kesho na keshokutwa asubuhi namaliza shamba la chini, mistari iwe imenyooka au imepinda. Jumapili niko Zombe. Huku nitarudi Alhamisi ijayo, Mzee apende asipende.